Adresi ya basi na adresi ya prosesa: ginsi ya kusoma na kuandika ranges mu mti wa vifaa

Angalia kwanza huu mstari, nimeutoa mu Raspberry Pi 4 yenye iko hapa mezani kwangu Goma, kwa amri ya `sudo cat /proc/iomem`:

```
fe201000-fe2011ff : serial@7e201000
```

Kushoto fe201000, kulia 7e201000 (ni namba za hex, za msingi wa 16, njo zile zinaandikwa pia na 0x mbele), na kifaa ni kimoja tu, ile UART ya kwanza ya chipu, yaani poti ya serial ya kutuma na kupokea data biti moja moja. Hakuna mtu aliyekosea kuandika. Namba ya kushoto njo prosesa inatumia, namba ya kulia njo basi ya ndani ya chipu (bus, njia ya data kati ya prosesa na vifaa) inatumia, na katikati yao, mu mti wa vifaa (device tree, maelezo yenye inaambia keneli ya Linux vifaa gani viko kwa bodi na viko adresi gani), kuna propati moja inaitwa `ranges` yenye inabadilisha moja kuwa ingine. Watu wengi wanaoanza kuchezea mti wa vifaa wanaruka hii propati, wanakopi tu kutoka kwa faili ya mwingine, halafu draiva ikikataa wanasema keneli ni mbaya. Naomba tuisome pole pole juu ukishaielewa basi faili zote za .dts, zile mti unaandikwa ndani, zinafunguka, hata ya bodi yenye haujawahi kuigusa.

Ukiwa huku Goma unaijua tayari hii kitu bila kujua. Uko Birere, unampigia mtu wa Himbi, unaanza na 0. Umevuka bariyeri, uko Gisenyi, Rwanda, unampigia mtu yule yule, sasa ile 0 inatoka na unaweka +243 mahali pake, lakini tarakimu zote za nyuma zinabaki vile vile, hakuna hata moja inabadilika. Simu inalia kwa mtu yule yule. `ranges` inafanya kazi hiyo hiyo, inatoa mwanzo wa huku na kuweka mwanzo wa kule, na umbali kutoka kwa mwanzo haubadiliki hata kidogo.

Vya kuwa navyo

Bodi yenye Linux, terminali, na programu tatu ndogo: `dtc` ya kukompaili mti, `xxd` ya kuonyesha baiti za faili, na `busybox` ya kusoma memori. Hizo ukishaziinstoli hauhitaji intaneti tena, na hii naisema makusudi juu mega ni bei na watu wanafikiri lazima wawe onlaini wasome dokumenti siku nzima. Mti wenyewe wote uko ndani ya bodi inayotembea, kwa `/proc/device-tree`, kila nodi (kifaa au basi) ni folda na kila propati ni faili. Nodi yenye iko ndani ya ingine ni mtoto, ile ya nje ni mzazi. Unaweza kuurudisha kuwa maandishi ya kusomeka:

```
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree > sasa.dts
```

Itakutolea maonyo mengi, yaache kwanza. Fungua `sasa.dts`, huo njo mti keneli yako iliosoma leo asubuhi, haiko ule unaofikiri uliandika. Tofauti ya hivyo viwili imenilia saa nyingi sana.

Kidogo ya historia kwa mwenye anajiuliza hii kitu ilitoka wapi: ilianza na Open Firmware, standadi ya IEEE 1275 ya mwaka 1994, ilikuwa kwa mashine za SPARC na PowerPC. Upande wa ARM kila bodi ilikuwa na faili zake za C ndani ya keneli, adresi zimeandikwa mkononi, mpaka 2011 Linus Torvalds akalalamika waziwazi juu ya huo mrundo, na toka hapo ARM ikahamia kwa mti wa vifaa.

Hatua ya 1: hesabu seli mbele ya kusoma namba yoyote

Mti wa vifaa haujui "adresi" wala "ukubwa". Unajua seli tu, na seli moja ni namba ya biti 32. Ukiona

```
reg = <0x7e201000 0x200>;
```

hiyo `reg` njo propati inasema kifaa kiko adresi gani na ukubwa gani, lakini hauwezi kusema namba gani ni nini mpaka ujue mzazi alisema nini. Mzazi njo anasema adresi inachukua seli ngapi, kwa `#address-cells`, na ukubwa seli ngapi, kwa `#size-cells`. Kama mzazi alisema 1 na 1, hapo juu ni adresi 0x7e201000 na ukubwa 0x200. Kama mzazi alisema 2 na 1, hizo namba mbili hazitoshi hata kujaza kifaa kimoja.

Mambo mawili hapa lazima ushike. Ya kwanza, `reg` ya nodi inasomwa kwa seli za MZAZI wake, si kwa seli zenye nodi yenyewe imeandika. Zile nodi imeandika ndani yake ni kwa ajili ya watoto wake. Ya pili, hizi hesabu hazirithiwi. Babu akisema 2 na 2 haimaanishi mjukuu naye ni 2 na 2, kila mzazi anajisemea, na kama hakusema kitu standadi inachukua 2 kwa adresi na 1 kwa ukubwa. Usitegemee hiyo, andika kila mara, hata `dtc` yenyewe inakulalamikia ukiiachia.

Sasa kuna kosa moja ambayo inaniogopesha kuliko zingine zote, juu inaweza kupita bila onyo la urefu. Mtu amezoea bodi za biti 64 ambako mzazi ni 2 na 2, anakuja kwa mzazi wa 1 na 1, anaandika kwa mazoea:

```
reg = <0x0 0x7e201000 0x0 0x200>;
```

Seli nne. Kwa mzazi wa 2 na 2 ni kifaa kimoja, safi. Kwa mzazi wa 1 na 1, seli nne zinagawanyika vizuri kwa mbili, kwa hiyo urefu unakubalika, lakini maana imekuwa hivi: eneo la kwanza linaanza 0 na ukubwa wake ni 0x7e201000, eneo la pili linaanza 0 na ukubwa ni 0x200. Umeambia keneli kifaa chako kinakula karibu gigabaiti 2 kuanzia sifuri! Kama seli zingekuwa tatu, `dtc` ingepiga onyo la `reg_format` palepale. Kwa hiyo usitegemee onyo, hesabu kwa kidole, mimi bado nahesabu kwa kidole mpaka leo.

Hatua ya 2: kata ranges vipande vipande

Kila kipande cha `ranges` kiko na sehemu tatu kwa mpangilio huu: adresi upande wa mtoto, adresi upande wa mzazi, ukubwa. Swali ni seli ngapi kila sehemu, na jibu ni:

adresi ya mtoto inafuata `#address-cells` ya nodi hiyo hiyo yenye iko na `ranges`,
adresi ya mzazi inafuata `#address-cells` ya nodi ya juu yake,
ukubwa unafuata `#size-cells` ya nodi hiyo hiyo.

Soma tena mara mbili. Hapo njo watu wanaanguka, juu `reg` ilitazama juu tu, na `ranges` inatazama huku na kule.

Tuchukue Pi 4. Mu faili `bcm2711.dtsi` ya keneli, mzizi ulisema `#address-cells` ni 2, na nodi `soc`, ile basi ya ndani ya chipu, ilisema 1 na 1. Basi kipande kimoja cha `ranges` ya `soc` ni 1 ya mtoto, 2 za mzazi, 1 ya ukubwa, jumla seli nne. Na seli nne ni baiti 16, na `xxd` inaandika baiti 16 kwa kila mstari, kwa hiyo kwa bahati nzuri kila mstari ni kipande kimoja kamili:

```
$ xxd -g4 /proc/device-tree/soc/ranges
00000000: 7e000000 00000000 fe000000 01800000
00000010: 7c000000 00000000 fc000000 02000000
00000020: 40000000 00000000 ff800000 00800000
```

(nimekata ile kolumu ya herufi za kulia, haina maana hapa.) Mstari wa kwanza unasema: chenye basi ya ndani inaita 0x7e000000, prosesa inaita 0xfe000000, na hii inaendelea mpaka 0x01800000, yaani megabaiti 24. Ile 00000000 ya katikati ni nusu ya juu ya adresi ya biti 64 ya mzazi, haiko namba ya bure.

Tumia `xxd` au `hexdump -C`. Usitumie `hexdump` peke yake wala `od -x`, juu ndani ya mti namba zimeandikwa baiti kubwa mbele, na hizo amri zinasoma baiti mbili mbili kwa mpangilio wa mashine yako, kwa hiyo 7e00 itakuonyesha 007e na utakesha unatafuta kifaa chenye hakiko.

Hatua ya 3: panda

UART yetu imeandikwa `reg = <0x7e201000 0x200>`. Tafuta kipande chenye inaingia ndani. 0x7e201000 iko kati ya 0x7e000000 na 0x7e000000 + 0x01800000, sawa, ni kipande cha kwanza. Toa mwanzo wa mtoto:

0x7e201000 − 0x7e000000 = 0x201000

Ongeza mwanzo wa mzazi:

0xfe000000 + 0x201000 = 0xfe201000

Na ukubwa 0x200 unafanya mwisho uwe 0xfe2011ff. Rudi juu kabisa uangalie ule mstari wa `/proc/iomem`. Njo ile ile.

Sasa beba `0x7e201000` hiyo hiyo uende nayo kwa Pi 3. Kule `ranges` ya `soc` inaanza na `<0x7e000000 0x3f000000 0x1000000>`, na mzizi wa kule ni seli moja tu, kwa hiyo kipande ni seli tatu. UART inaanguka kwa 0x3f201000. Kwa Pi ya kwanza kabisa, yenye chipu BCM2835, mzazi ni 0x20000000, UART iko 0x20201000. Unaona uzuri wake? Bodi tatu, adresi tatu za prosesa, lakini nodi ya UART iliandikwa namna moja, 7e201000, hakuna aliyeigusa. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa `ranges`. Ndiyo sababu naipenda hii propati.

Kama basi iko ndani ya basi ingine, unapanda ngazi moja moja. Jibu la ngazi ya kwanza linakuwa swali la ngazi ya pili, mpaka ufike mzizi. Ni mzizi peke yake unaoongea adresi ya prosesa.

Kuna hali mbili zingine za `ranges` na zinafanana kwa macho lakini maana zao ziko mbali kabisa. Ukikuta

```
ranges;
```

bila kitu ndani, maana yake ni mtoto na mzazi wanaita vitu jina moja, hakuna kubadilisha, pita. Lakini kama `ranges` HAIPO kabisa, maana yake ni kwamba adresi za watoto haziwezi kufika kwa prosesa. Ni ukuta. Na huo ukuta mara nyingi ni sahihi. Mfano, senso ya CO2 ya SCD30 inakaa kwa I2C adresi 0x61:

```
&i2c1 {
    #address-cells = <1>;
    #size-cells = <0>;

    co2@61 {
        compatible = "sensirion,scd30";
        reg = <0x61>;
    };
};
```

Hiyo 0x61 si mahali mu memori, ni namba yenye kontrola ya I2C inaita kwa nyaya mbili. Haina ukubwa, njo maana `#size-cells` ni 0. Ukiweka `ranges;` hapo unasema uongo, unasema prosesa inaweza kusoma memori 0x61 ikute senso. Kwa basi ya memori ya kweli, kusahau `ranges` ni kufungia watoto wako wote nje.

Hatua ya 4: hakikisha kwa mkono

Karatasi inakubali kila kitu, kwa hiyo tuguse. GPIO ya Pi (zile pini za kuunganisha vitu vya nje) iko 0x7e200000 kwa basi, piga hesabu mwenyewe, kwa Pi 4 utapata 0xfe200000. Rejista (namba ndogo ndani ya kifaa yenye prosesa inaisoma ao kuiandika) yenye inaonyesha pini ziko juu au chini iko mbele kidogo, ofseti 0x34, yaani umbali kutoka mwanzo. Soma:

```
sudo busybox devmem 0xfe200034 32
```

Andika jibu kwa karatasi. Sasa chukua rizista ya kilo-omu 1, unganisha GPIO17, ambayo ni mguu wa 11 wa ile safu, na volti 3.3 kwa mguu wa 1. USIGUSE mguu wa volti 5, utaunguza chipu. Soma tena. Kama hakuna kitu kingine kinatumia pini hiyo, biti ya 17 inageuka, yaani namba inaongezeka na 0x20000. Toa waya, inarudi. Nimefanya hii na vijana wanne wa hapa mtaani, mmoja alishika waya mwingine alisoma skrini, na wakati namba iligeuka wote walinyamaza halafu wakataka kurudia, kila mtu na zamu yake. Adresi waliyoihesabu wenyewe kwa kalamu ilikuwa imefika kwa waya.

Angalisho: keneli zingine zinazuia `/dev/mem`, na usisome adresi ovyo ovyo ya kukisia, kuna sehemu za chipu ambazo saa yake imezimwa na ukizisoma bodi inaganda mpaka uzime umeme.

Hatua ya 5: sasa andika

Mimi nilikosea hapa, tena vibaya. Tunatengeneza kengele ndogo ya mazuku, wale wa Goma na kando ya ziwa Kivu wanajua naongelea nini, ile CO2 inatoka chini ya udongo na inalala mahali pa bondeni juu ni nzito kuliko hewa, haina harufu, mbuzi na mbwa njo wanaanguka kwanza, na watoto. Senso tuliyopata ni MH-Z19B, inapima mpaka ppm 5000, kwa kengele inatosha, na inaongea UART kwa kasi ya 9600. UART ya kwanza ilikuwa na kazi tayari, kwa hiyo nikataka ingine. Nikaona kwa bodi ya rafiki, `/proc/iomem` yake, fe201600. Nikaandika:

```
serial@fe201600 {
    compatible = "arm,pl011", "arm,primecell";
    reg = <0xfe201600 0x200>;
    ...
};
```

ndani ya `soc`. Ikakompaili. Nikawasha. Hakuna poti. Umeme ukakatika, nikangoja, ukarudi, nikajaribu tena, hakuna. Nikabadilisha waya, nikabadilisha senso, nikashuku ata aliyeniuzia. Karibu saa saba usiku njo nikaamua kusoma `dmesg` mstari kwa mstari, na ilikuwa pale toka mwanzo: `of_address_to_resource` imeshindwa, kosa −22. Keneli ilichukua 0xfe201600, ikaitafuta ndani ya vipande vitatu vya `soc`, 7e, 7c na 40, haikuipata mahali popote, ikaachana na kifaa. Nilikuwa nimeandika adresi ya prosesa mahali basi inataka adresi yake. Ni kama kumpigia jirani wa avenue yako ukianza na namba ya ndani ya nchi ingine.

Sahihi ni 0x7e201600. Na kitu kingine nilijifunza usiku ule, hiyo nodi ilikuwa imeandikwa tayari mu `bcm2711.dtsi`, inaitwa `uart3`, imezimwa tu. Kilichotakiwa ni kuiwasha na kuipa pini zake, GPIO4 ya kutuma na GPIO5 ya kupokea:

```
&uart3 {
    status = "okay";
    pinctrl-names = "default";
    pinctrl-0 = <&pini_za_uart3>;
};
```

`pini_za_uart3` ni jina nimeweka mimi, wewe tazama kwa faili yako zinaitwaje. Kwa hiyo mbele ya kuandika nodi mpya, tafuta kwanza kama haiko.

Lakini kuna siku hakuna aliyekuandikia, kwa mfano umeunganisha chipu yako kwa basi ya memori ya nje. Tuchukue chipu ingine, STM32MP1, ambayo ina kontrola inaitwa FMC yenye milango ya kuchagulia chipu. Hapa adresi ya mtoto ina seli mbili, ya kwanza ni namba ya mlango, ya pili ni umbali kutoka mwanzo wa mlango huo. Tuseme umeweka UART ya nje ya aina ya 16550 kwa mlango wenye namba 1, na waya zako za adresi zinaifanya iitikie kuanzia 0x1000:

```
memory-controller@58002000 {
    compatible = "st,stm32mp1-fmc2-ebi";
    reg = <0x58002000 0x1000>;
    #address-cells = <2>;
    #size-cells = <1>;
    ranges = <0 0 0x60000000 0x04000000>,
             <1 0 0x64000000 0x04000000>,
             <2 0 0x68000000 0x04000000>,
             <3 0 0x6c000000 0x04000000>;

    serial@1,1000 {
        compatible = "ns16550a";
        reg = <1 0x1000 0x8>;
        clock-frequency = <1843200>;
    };
};
```

Tusome pamoja. Kipande cha `ranges` ni 2 za mtoto, 1 ya mzazi, 1 ya ukubwa. Mlango wa 0 unaanza 0x60000000, kila mlango ni megabaiti 64. `reg` ya UART ni seli tatu juu mzazi alisema 2 na 1: mlango 1, umbali 0x1000, ukubwa 8 kwa sababu 16550 ina rejista 8 za baiti moja moja. Keneli inaunganisha zile seli mbili kuwa namba moja ya biti 64, mlango unakaa nusu ya juu, ndiyo maana mlango wa 1 hauwezi kuchanganyika na mlango wa 0. Jibu: 0x64000000 + 0x1000 = 0x64001000. Jina la nodi nalo linafuata, `1,1000`, mlango, koma, umbali, bila 0x.

Kitu kimoja usisahau: `reg` ya kontrola yenyewe, 0x58002000, ni rejista zake za kupangia kazi. Haihusiani na madirisha ya 0x60000000 na kuendelea. Moja ni kibao cha swichi, ingine ni mlango wenyewe. Na mti peke yake hautoshi, FMC inataka pia umwambie muda wa kusoma na kuandika wa chipu yako, interapti nayo, hizo ni propati zingine na zinatoka kwa datashiti ya chipu uliyonunua.

Upande wa pili: dma-ranges

Mpaka hapa tumeongelea prosesa ikitazama kifaa. Lakini kifaa nacho kinatazama memori wakati wa DMA (kifaa kusoma na kuandika memori chenyewe, bila kupitia prosesa), na kinaweza kuiita jina lake. Kwa Pi 4 ndani ya `soc`:

```
dma-ranges = <0xc0000000 0x0 0x00000000 0x40000000>;
```

Mpangilio ni ule ule, mtoto, mzazi, ukubwa. Kifaa kinaona RAM ikianzia 0xc0000000, prosesa inaiona ikianzia 0, na dirisha ni gigabaiti 1. Ukiwa na bafa kwa 0x01200000, kifaa lazima kiambiwe 0xc1200000. Na hata ukinunua Pi 4 ya gigabaiti 8, vifaa vya basi hiyo vinafikia ile gigabaiti 1 ya chini tu. Draiva ikitumia API ya DMA ya keneli inafanyiwa hii hesabu yenyewe, ila kama unaandika adresi ya prosesa moja kwa moja kwa rejista ya DMA, kifaa kitaandika mahali pengine na hautaona kosa lolote, utaona tu data imeharibika.

PCI, ile basi ya kuunganisha vifaa vya kasi, nitaipitia haraka. Adresi yake ina seli tatu, na ya kwanza haiko adresi, ni alama: 0x01000000 ni I/O, 0x02000000 ni memori ya biti 32, 0x03000000 ni memori ya biti 64, na 0x40000000 ikiongezwa ni memori yenye inaruhusiwa kusomwa mapema. Pi 4 iliwahi kuandikwa hivi:

```
ranges = <0x02000000 0x0 0xf8000000  0x6 0x00000000  0x0 0x04000000>;
```

Tatu, mbili, mbili. Kata hivyo hivyo na utaona mwenyewe: PCI inasema 0xf8000000, prosesa inasema 0x600000000, megabaiti 64.

Mbele ya kuunganisha waya

Kompaili na usikilize maonyo, `reg_format` na `ranges_format` ni hesabu ya seli, `simple_bus_reg` ni jina la nodi halifanani na `reg`, `unit_address_vs_reg` ni moja iko na nyingine haiko. Washa bodi. Halafu:

```
dmesg | grep -i of_address
sudo grep -i serial /proc/iomem
```

Ya kwanza inatakiwa kunyamaza. Ya pili, kwa kengele yetu, ilitoa `fe201600-fe2017ff : serial@7e201600`, na baada ya hapo njo tukafunga senso kwa ukuta, chini karibu na udongo mahali gesi inalala.